Namna ya Kuonja Wiski Kongwe ya Nafaka ya Uskoti: Mwongozo Kamili

Wiski ya nafaka iliyolala ndani ya pipa kwa miaka 30, 40 au 50 ni kinywaji kisichopiga kelele. Mtu aliyezoea moshi wa wiski za kisiwa cha Islay, au uzito wa wiski za kimea zilizolazwa katika mapipa ya sheri, mvinyo mkali wa Uhispania, anaweza kuimaliza glasi nzima akaishia kusema kwamba ni tamu, na basi. Kosa huwa katika haraka yake, kwa maana wiski ya namna hii humfungukia anayeipa muda na aliye tayari kuinusa mara nyingi kuliko atakavyoinywa. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mzima anayekunywa kwa hiari yake na kwa kiasi, ambaye amepata nafasi ya kuonja wiski ya aina hii, japo ni mililita 20 tu, naye hataki nafasi hiyo ipotee bure.

Fahamu kwanza kilichomo ndani ya glasi

Chupa inayohusika huandikwa "Single Grain Scotch Whisky", na maneno hayo huwapotosha wengi. Neno la kwanza halihesabu aina za nafaka bali huhesabu viwanda: wiski yote iliyomo imepikwa katika kiwanda kimoja. Kwa mujibu wa kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009, wiski hiyo hutengenezwa kwa maji na kimea cha shayiri, ambacho huweza kuchanganywa na nafaka nyingine, hasa ngano au mahindi. Kimea lazima kiwemo, kwa sababu wanga unatakiwa ugeuzwe kuwa sukari kwa nguvu ya vimeng'enya vya nafaka yenyewe, bila kuongezewa vingine kutoka nje. Msomaji anayejua kwa nini wapika pombe wa kwetu huotesha ulezi au mtama kabla ya kuutumia ameshaielewa kanuni hiyo.

Tofauti kubwa iko kwenye mtambo. Wiski ya kimea hupikwa katika mitungi mikubwa ya shaba, mkupuo baada ya mkupuo, ilhali wiski ya nafaka hupitishwa bila kukatika katika minara mirefu ambamo mvuke hupanda ukikutana na pombe inayoshuka. Robert Stein alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1820, na muda mfupi baadaye Aeneas Coffey, aliyekuwa afisa wa ushuru nchini Ireland, akapata hataza ya mtambo ulioenea zaidi, ambao hadi leo watu huuita kwa jina lake. Pombe hutoka kwenye minara hiyo ikiwa na nguvu inayokaribia asilimia 94, na kanuni zinataka iwe chini ya asilimia 94.8 ili isipoteze kabisa harufu na ladha ya malighafi yake. Kadiri pombe inavyotoka na nguvu kubwa ndivyo inavyobakiza machache ya nafaka iliyoizaa. Kwa hiyo wiski changa ya nafaka ni kitambaa cheupe, na pipa ndilo linalokitia rangi.

Jambo hilo ndilo msingi wa mwongozo wote huu. Unapoonja wiski ya nafaka ya miaka 40, unaonja zaidi mti, hewa ya ghala na muda. Swali la kujiuliza tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: je, pipa limeipa wiski hii uhai, au limeimeza?

Pamewahi kuwa na watu waliodai kwamba kinywaji hiki hakistahili hata kuitwa wiski. Shauri hilo lilifikishwa mahakamani na baraza la Islington, jijini London, mwaka 1905, na halikutulia hadi tume ya kifalme ilipotoa uamuzi mwaka 1909 kwamba wiski ya nafaka ni wiski kamili. Nami naona tume ilitenda haki. Hata hivyo, kwa miongo mingi iliyofuata karibu yote ilimiminwa katika wiski za mchanganyiko zinazouzwa duniani kote, na mapipa machache yaliyoachwa yazeeke ndiyo tunayoyatafuta leo.

Soma lebo kabla ya kufungua

Anza na jina la kiwanda. Vilivyo hai ni vichache: Cameronbridge huko Fife, kilichoanzishwa na John Haig mwaka 1824; North British jijini Edinburgh, cha mwaka 1885; Strathclyde mjini Glasgow; Invergordon kaskazini, ukingoni mwa ghuba ya Cromarty; Girvan huko Ayrshire, kilichojengwa na kampuni ya William Grant & Sons mwaka 1963; pamoja na Loch Lomond na Starlaw. Vilivyofungwa ndivyo vinavyowagusa wapenzi wa wiski kongwe: Carsebridge kilifungwa mwaka 1983, Caledonian cha Edinburgh mwaka 1988, Cambus mwaka 1993, Dumbarton mwaka 2002 na Port Dundas cha Glasgow mwaka 2010. Kila pipa la viwanda hivyo linapofunguliwa, akiba ya dunia hupungua kwa pipa moja. Eneo la Cambus, karibu na mji wa Alloa, leo ni karakana ya kutengeneza na kukarabati mapipa, na kwangu mimi jambo hilo lina faraja yake.

Kisha tazama umri na mwaka wa kupikwa. Umri ulioandikwa ni wa tone changa kuliko yote yaliyomo. Hauwezi kuwa wastani. Mwaka wa kupikwa una siri nyingine. Hadi miaka ya 1980 viwanda vingi vya nafaka vilitumia mahindi yaliyoagizwa kutoka ng'ambo, kisha vikahamia kwenye ngano kwa sababu za bei, ingawa North British kiliendelea na mahindi. Hivyo chupa ya wiski iliyopikwa mwaka 1965 au 1974 ina uwezekano mkubwa wa kutokana na mahindi, ambayo kwa kawaida huacha mwili mzito kidogo, wenye mafuta mafuta na utamu wa siagi, kuliko ngano iliyo nyepesi na kavu zaidi. Usitarajie harufu ya ugali. Tarajia unene fulani ulimini.

Jambo la tatu ni kiwango cha alkoholi. Pipa la mwaloni hupumua, na huko Uskoti hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka, sehemu ambayo Waskoti huiita fungu la malaika. Ukipiga hesabu kwa kiwango hicho, pipa la lita 250 hubaki na lita kama 111 baada ya miaka 40, yaani chupa zisizofika 160 za mililita 700. Nguvu nayo hushuka, na ikifika chini ya asilimia 40 kinywaji hicho hakiruhusiwi tena kuitwa wiski ya Uskoti. Ukikuta wiski ya miaka 45 yenye asilimia 42, ujue ilifikia ukingoni, na uionje bila maji kwanza. Ukikuta yenye asilimia 52, una nafasi ya kutosha ya kuichezea.

Umri mkubwa si ubora. Pipa lililokuwa na bourbon, wiski ya Marekani, na kujazwa wiski ya Uskoti kwa mara ya kwanza hutoa ladha nyingi upesi, na miaka 40 ndani yake inaweza kuleta ukali wa mbao. Pipa lililokwisha kutumika mara mbili au tatu hutoa polepole na huweza kuibeba wiski miaka 50 bila kuichosha. Ninapochagua, naheshimu zaidi lebo inayotaja aina ya pipa kuliko ile inayotaja umri kwa herufi kubwa.

Kuhusu upatikanaji, viwanda vyenyewe hutoa kidogo. Kampuni ya Diageo ilitoa Caledonian ya miaka 40 mwaka 2015, Cambus ya miaka 40 mwaka 2016 na Carsebridge ya miaka 48 mwaka 2018. Kwa kawaida utazipata kwa wafungashaji huru wanaonunua mapipa, kama Signatory Vintage, Duncan Taylor, Douglas Laing au Cadenhead's. Usinunue chupa nzima kwa kubahatisha: nunua sampuli ya mililita 30 kwa muuzaji anayeaminika, au mchangie chupa mkiwa watu watano au sita.

Andaa mahali, glasi na mwili wako

Onja kabla ya chakula kizito, saa moja au mbili baada ya kula kitu chepesi kisicho na pilipili wala kitunguu saumu. Usipake manukato, na usiwe na udi uliofukizwa chumbani, kwani harufu yake itaingia katika kila utakachoandika. Kahawa na sigara zisubiri.

Joto la chumba lina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Vitabu vya ugenini husema "joto la kawaida la chumba" vikimaanisha nyuzi 18 hadi 20, ilhali Dar es Salaam, Mombasa au Muscat chumba kisicho na kiyoyozi huweza kufika nyuzi 30 na zaidi, na hapo alkoholi hupanda puani kabla ya harufu nyingine kupata nafasi. Onjea katika chumba kilichopozwa, au onja usiku wakati hewa imetulia. Usitie barafu: baridi kali hufunga harufu, na wiski hii haina kitu kingine cha kujitetea nacho.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobanwa, mfano wa ua la tulipu, kama glasi ya Glencairn. Bilauri pana ya kawaida huziachia harufu zipotee. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, iache ikauke yenyewe, kisha iinuse ikiwa tupu, maana kitambaa au kabati la mbao huacha harufu ambayo baadaye utaitupia lawama wiski.

Weka pembeni maji ya chupa yasiyo na madini mengi. Maji ya kisima ya maeneo ya pwani mara nyingi yana chumvi, nayo yatavuruga kila kitu. Tafuta pia bomba la sindano la mililita 1 au 2, jipya na bila sindano yake, la kupimia maji.

Mimina, kisha subiri

Mimina mililita 20. Inuse mara moja upesi, uandike neno moja au mawili, kisha iache dakika 15 hadi 20. Wiski iliyofungiwa miongo minne huhitaji kukutana na hewa, na mara nyingi kinachotangulia ni harufu kali ya rangi ya kucha au gundi ya fundi viatu. Harufu hiyo ni tabia ya familia hii, itokanayo na esta, yaani kemikali nyepesi za harufu zinazoongezeka ndani ya pipa, na kwa wiski nzuri hupungua na kugeuka kuwa matunda. Aliyekata tamaa katika dakika ya pili hakuionja.

Rangi itazame kidogo tu. Kanuni zinaruhusu karameli ya kutia rangi, na pipa chovu linaweza kutoa wiski ya miaka 40 iliyo ya njano hafifu na bado ikawa bora kuliko ile nyekundu ya jirani yake.

Kunusa ndiyo kazi yenyewe

Usiizungushe glasi kwa nguvu. Iinamishe, ulete pua ukingoni, ufungue mdomo kidogo na uvute hewa taratibu. Pumzika. Rudi kwa tundu moja la pua, kisha jingine, kwani hayanusi sawa. Ukihisi pua imechoka, nusa mkono wako mwenyewe au kitambaa safi, nayo itarudi.

Sasa tafuta mambo kwa mpangilio. Tabaka la kwanza kwa kawaida ni utamu: vanila, sukari iliyoungua, asali. Vanilini hutoka kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa ndani ya pipa, na kwa kuwa pombe ya nafaka haina mengi ya kuifunika, hutokeza waziwazi. Tabaka la pili ni nazi, itokanayo na laktoni, kemikali za harufu zilizo nyingi katika mwaloni mweupe wa Marekani, na hapa mtu aliyelelewa pwani ana faida. Jiulize ni nazi ipi: tui bichi, nazi iliyokunwa sasa hivi, kashata iliyopoa, au mafuta ya nazi yaliyokaa? Kila moja ina maana yake. Tui na nazi mbichi huashiria wiski iliyobaki hai. Mafuta yaliyokaa huashiria pipa lililozidisha.

Tabaka la tatu ni matunda, hasa ndizi iliyoiva sana, nanasi, embe kavu au tende. La nne ni viungo, na karafuu ndiyo inayojitokeza zaidi, kwa sababu yujenoli, kiini cha harufu ya karafuu za Unguja na Pemba, imo pia ndani ya mbao za mwaloni. Unapoandika "karafuu" kuhusu wiski ya Edinburgh, unataja kemikali ileile iliyomo katika karafuu zilizoanikwa mkekani. Mwisho kabisa, baada ya nusu saa, huja harufu za uzee wenyewe: nta, samani kuukuu zilizong'arishwa, ngozi, tumbaku isiyowashwa, mdalasini uliosahaulika kabatini.

Tumia majina unayoyajua kwa pua yako mwenyewe. Maelezo mengi ya wiski yamejaa matunda na keki za Ulaya ambazo msomaji wetu huenda hajawahi kuzinusa, na anayenakili maneno hayo hujifunza maneno bila kujifunza wiski. Sukari guru, halua, visheti na asali ya nyuki wadogo ni vipimo halali kabisa, mradi vikumbushe kitu kimoja kila unapovirudia.

Onja kwa matone

Chukua kiasi kisichozidi nusu kijiko cha chai. Kilaze juu ya ulimi kwa sekunde kumi na zaidi, kipitishe pembeni na chini ya ulimi, kisha kimeze au ukiteme katika kikombe, ambayo ni desturi ya heshima na si dharau kwa kinywaji. Funda la kwanza lihesabu kuwa la kuuzoesha ulimi, na hukumu ianze na la pili.

Angalia umbile kabla ya ladha: ni laini kama siagi iliyoyeyuka, au ni jembamba? Kisha fuata mwendo wa utamu. Wiski bora za aina hii huanza tamu, hutoa matunda katikati, halafu hukauka polepole kwa viungo na mbao. Ukali unaokaza ufizi kama chai iliyochemka mno, au kama ganda la ndizi mbichi, ni tanini, na hapo swali letu la mwanzo hupata jibu. Tanini kidogo huupa utamu uti wa mgongo, ilhali tanini inayobaki peke yake baada ya utamu kuondoka inaonyesha pipa limeshinda. Hesabu pia muda ambao ladha inadumu baada ya kumeza, maana wiski yenye harufu ya kupendeza lakini inayokatika ghafla imetoa ahadi isiyoitimiza.

Maji kwa hesabu

Mara ya kwanza nilipopata wiski ya nafaka ya zaidi ya miaka 40, niliitia kijiko kizima cha chai cha maji kama nilivyozoea kwa wiski changa, ikalegea mbele ya macho yangu: nazi ikatoweka, mbao chungu zikabaki, na hapakuwa na nyingine ya kuanzia upya. Tangu siku hiyo napima.

Mililita 20 za wiski yenye asilimia 52 zikiongezwa mililita 1 ya maji hushuka hadi asilimia 49.5, zikiongezwa mililita 3 hufika takriban asilimia 45, na kijiko cha chai cha mililita 5 huzishusha hadi chini ya asilimia 42. Kwa hiyo ongeza nusu mililita, subiri dakika tatu, nusa, onja, ndipo uamue kuendelea. Wiski yenye nguvu ya asilimia 50 na zaidi kwa kawaida hufunguka vizuri kwa hatua mbili au tatu. Iliyo chini ya asilimia 45 naitia matone mawili tu ya maji, na baada ya kuigawa kwanza katika glasi mbili ili moja ibaki salama.

Linganisha

Glasi moja pekee hufundisha kidogo. Ukiweza, weka mbili ubavuni: wiski ya kiwanda kilekile yenye umri mdogo, kwa mfano Invergordon ya miaka 20 kando ya ile ya miaka 40, utaona jinsi rangi ya kucha inavyogeuka ndizi na ndizi inavyogeuka nta. Baadaye jaribu North British na Girvan zenye umri unaokaribiana, zilizopikwa baada ya miaka ya 1980, ili uhisi mahindi na ngano. Anza na iliyo changa au yenye nguvu ndogo, na usizidishe glasi tatu ndogo kwa jioni moja, kwa sababu kuanzia ya nne pua hutoa majibu ya kubuni. Anayeendesha gari ateme au asishiriki.

Kumbukumbu iandikwe papo hapo: kiwanda, mwaka wa kupikwa, umri, aina ya pipa, nguvu, saa uliyomimina, na maneno uliyoyapata kila baada ya dakika kumi. Saa ni muhimu, kwani wiski ya dakika ya tano na ya dakika ya hamsini huwa kama wageni wawili tofauti. Kilichobaki kwenye chupa kihifadhi kikiwa wima, gizani na mbali na joto, na kikishuka chini ya theluthi moja kihamishie katika chupa ndogo ili hewa isikimalize.

Glasi usiioshe usiku huo. Ifunike kwa kisahani, na asubuhi uinuse ikiwa imekauka. Alkoholi itakuwa imeondoka, na kinachobaki ukutani mwa glasi ni kile pipa lilichoacha: wakati mwingine vumbi la mbao tu, wakati mwingine vanila, nta na karafuu, wazi kuliko zilivyokuwa jana. Kiandike katika mstari wa mwisho wa kumbukumbu yako, ndipo uioshe.